Glovu ndogo zisubiri: tathmini ya vifaa vya kuanzia MMA

Anayeanza mazoezi ya mapigano mchanganyiko, yaani MMA, mara nyingi hukimbilia kununua zile glovu ndogo zinazoacha vidole wazi, kwa kuwa ndizo anazoziona mikononi mwa wapiganaji kwenye televisheni. Nimevitumia vifaa vya aina karibu zote katika mazoezi ya ngumi, mateke na mieleka, na sina shaka kwamba glovu hizo zinapaswa kununuliwa mwisho kabisa, na kwamba fedha za kwanza ziende kwenye kilinda meno na glovu kubwa za ndondi.

Glovu za mashindano ya MMA kwa kawaida zina wakia 4, takribani gramu 113, na sponji yake nyembamba humlinda mpigaji asivunjike vidole kuliko inavyomlinda anayepigwa. Kwa mwanafunzi ambaye bado hajui kupima nguvu ya ngumi yake, kuingia nazo kwenye sparingi, yaani pambano la mazoezi na mwenzako, ni kumhatarisha mwenzake bure. Glovu za ndondi za wakia 16, karibu gramu 450, hufanya kinyume chake: sponji nene hupunguza makali ya pigo, na uzito wenyewe huyafundisha mabega kuvumilia mikono iliyo juu, tena hadi mwisho wa raundi, wakati ambapo wengi huanza kuishusha na kuacha kidevu wazi. Ikiwa uwezo unaruhusu jozi moja tu, iwe hii, kwa sababu hata begi la mazoezi unaweza kulipiga nazo, ingawa sponji huchakaa mapema zaidi. Chagua za kufunga kwa mkanda wa kunata badala ya kamba, maana kamba huhitaji mtu mwingine wa kukufungia. Ngozi halisi hudumu kuliko ya bandia, lakini ya bandia hufutika kwa urahisi, na kwa mwaka wa kwanza inatosha kabisa.

Ndani ya glovu lazima pawe na bendeji, yaani kitambaa kirefu cha kuzungushia mkono. Zile ndefu, za mita 4 na nusu hivi, huzunguka kifundo cha mkono mara za kutosha na bado hubaki za kupita katikati ya vidole, jambo ambalo zile fupi haziwezi kulifanya vizuri kwa mtu mzima. Glovu nzuri bila bendeji bado huacha kifundo kikipinda.

Kilinda meno cha kuchovya katika maji ya moto, kisha kuking'ata ili kichukue umbo la meno, kinamfaa anayeanza, mradi afuate maelekezo ya muda wa kukichovya na arudie kukitengeneza ikiwa kinaanguka anapofungua mdomo. Kinachotengenezwa na daktari wa meno hukaa vizuri zaidi na huruhusu kupumua kwa urahisi. Kinga ya kinena nayo si ya kujadiliwa kwa mwanamume anayefanya mazoezi ya mateke.

Kuhusu kofia ya kinga, nina angalizo. Hupunguza michubuko na kuchanika kwa ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, na hata mabondia wanaume katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walipigana bila kofia. Anayeivaa akadhani sasa anaweza kupokea ngumi nzito amejidanganya. Kinachomlinda ni kocha anayedhibiti kasi ya sparingi, na kocha anayewaruhusu wanafunzi wapya kupigana kwa nguvu zote hafai, hata awe na vifaa gani.

Kinga za ugoko ziwe za kuvaa kama soksi, kwa sababu zile za mikanda, ambazo ni nzuri kwa mateke pekee, huzunguka mguuni mara tu mnapoangushana chini. Huko chini, ambako mwanafunzi hujifunza kuanguka salama, kutoroka akikaliwa kifuani, kujinasua kwenye kabali na kugonga kwa mkono ili aachiwe, hakuhitajiki glovu yoyote. Panahitajika fulana ya kubana isiyo na vifungo, kaptura isiyo na zipu wala mifuko ya kunasa vidole, na kucha zilizokatwa. Fulana hiyo hupunguza michubuko ya mkeka, lakini choa huambukizwa kwa kugusana ngozi, hivyo ni lazima ifuliwe kila baada ya mazoezi na mwili uogeshwe mara moja. Glovu zisiachwe ndani ya begi zikiwa na jasho. Zifunguliwe na kukaushwa mahali penye hewa.

Glovu za wakia 4 zinunuliwe pale kocha anapoanza kukufundisha kupiga ngumi mkiwa chini, na hata hapo kwa sparingi ni bora zile za wakia 7, zenye sponji nene lakini vidole vikiwa wazi. Unapozijaribu, kunja ngumi kikamilifu, kisha fungua mkono umshike mwenzako kifundo cha mkono: zikikuzuia kufanya lolote kati ya hayo mawili, ziache dukani.