Miezi saba nikitafuta omutibo kwenye programu ya muziki: uzoefu wangu

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu. Kutwa nzima mguu uko kwenye cherehani na spika ndogo ya bluetooth iko juu ya rafu ya nyuzi. Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikilipia programu ya kusikiliza muziki, shilingi 300 kila mwezi kwa M-Pesa. Jina lake nitalihifadhi, maana haya ninayoyaeleza niliyaona pia kwenye programu ya bure niliyokuwa nayo kabla yake. Nyimbo zinazovuma zote zipo, injili iliyotoka juzi ipo, ohangla ipo, na kama hizo ndizo unazotaka, lipa tu, hutajuta. Mimi nilijiunga kwa sababu ya omutibo.

Kwa asiyeujua, omutibo ni muziki wa gita kavu, yaani gita lisilotumia stima, wa Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Kidole gumba kinapiga besi kwenye nyuzi nene, cha shahada kinachezesha nyuzi nyembamba, na hilo gumba ndilo linalobeba ngoma yote. Ukitega sikio utasikia sukuti, ile ngoma ya Waluhya, imehamia kwenye gita. Pembeni anakaa mtu na chupa ya Fanta, ile ya kioo yenye matuta, anaikwaruza kwa kitu cha chuma. Nyimbo nyingi ni za Kiswahili: mapenzi, mke aliyetoroka, ushauri kwa vijana, misiba. George Mukabi ndiye aliyeupa jina kubwa kupitia santuri za miaka ya 1950, naye akafariki 1963, mwaka wa uhuru. Baba yangu alikuwa mtoto wakati huo. Baadaye alipokua, kule kwetu Bunyore, akawa mkwaruzaji wa chupa katika kikundi cha watu watatu ambacho hakikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja.

Siku ya kwanza niliandika "omutibo" kwenye sehemu ya kutafuta. Programu ikaniuliza kama nilimaanisha neno jingine kabisa. Nikakataa, ikanipa nyimbo za injili za Kiluhya, mchanganyiko wa DJ wa dakika 58, na wimbo mmoja mpya ambao nitaurudia hapa chini. Nikaandika "gita kavu", nikapata mafunzo ya gita kwa wanaoanza. Nikaandika "muziki wa Waluhya wa zamani", ikaleta kwaya. Ile wiki nzima niliamini muziki huu haumo, na nusura niache kulipia.

Kilichonitoa ni jina la mtu. Niliandika "George Mukabi" na papo hapo mkusanyo mzima ukajitokeza, ule uliotolewa tena mwaka 2017 na Olvido Records ya Marekani, unaoitwa Furaha Wenye Gita. Nilisimamisha cherehani. Sauti ya santuri bado imo, ule mkwaruzo kama mtu anakaanga kitu kidogo nyuma ya wimbo, halafu gumba linaingia. Mteja aliyekuwa akingojea sketi yake aliniuliza kama nimepokea simu mbaya.

Tatizo lenyewe ndilo hilo, na si dogo. Kuupata omutibo nilihitaji kumjua Mukabi kwanza. Kijana wa miaka 19 kule kwetu magharibi, pale Mbale au Khwisero, ambaye hakulelewa na mzee wa kumtajia jina hilo chakula cha jioni kikiiva, ataingilia mlango gani? Akitafuta kwa jina la mtindo, mlango umefungwa. Linganisha na benga, muziki wa gita wa Waluo. Andika "benga" na utapewa kurasa na kurasa, D.O. Misiani na wenzake wamepangwa vizuri, kwa sababu benga ilikaa na jina lake tangu miaka ya 1960 hadi leo. Omutibo ulihama jina njiani. Wapigaji wengi walikwenda Nairobi, gita likaingizwa stima, na muziki ukaitwa twisti. Msikilize Daudi Kabaka kwa makini uone kama hutausikia magharibi chini ya ile twisti. Kilichobaki kijijini kikaitwa tu "za zamani", na huwezi kutafuta kitu kinachoitwa za zamani.

Kwenye ukurasa wa mkusanyo wa Mukabi mwaka ulioandikwa ni 2017 na aina ya muziki ni "dunia". Dunia! Mwaka huo ni wa kutolewa upya, naelewa, lakini programu inautumia kupanga. Nilipoomba orodha ya nyimbo za Kenya za miaka ya 1950, Mukabi hakuwemo. Nilipofungua ya nyimbo za 2017, alikuwemo, mtu aliyefariki miaka 54 kabla. Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa Kiswahili, nikataja mwaka na mtindo. Jibu lilikuja la moja kwa moja, kwa Kiingereza, kwamba taarifa za wimbo hutoka kwa aliyeupakia na wao hawazibadilishi. Hilo ni kweli, ndivyo kazi inavyokwenda: anayepakia hujaza mtindo na mwaka, programu hupokea, na mtindo lazima uchaguliwe kwenye orodha iliyokwisha kutayarishwa. Kama omutibo haumo kwenye orodha hiyo, aliyepakia kwa nia njema kabisa ataandika dunia, au Afrika, au asili.

Abana ba Nasery ndio walionichosha zaidi, na ndio ninaowapenda zaidi kwa kuwa ni watu wa kwetu Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, magita mawili na chupa. Santuri zao zilikusanywa Uingereza mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaenda huko wenyewe wakarekodi. Sasa, jina lao maana yake ni watoto wa nasari, yaani chekechea, na huko nje liliandikwa pia Nursery Boys. Na walipotaka kupiga muziki wa stima hapa nyumbani, walitoka kwa jina la Mwilonje Jazz na la Super Bunyore Band. Kwa baba yangu hao ni watu wamoja, vijana wale wale. Kwenye programu ni wageni wasiojuana. Ukifuata ukurasa mmoja, hauonyeshi mwingine. Nilikaa miezi mitatu kabla ya kuviunganisha, na nilivyounganisha si kwa programu, ni kwa Baba aliyesikia sauti ikitoka kwenye spika akasema, "Huyo ni Tube. Mbona umeniambia ni bendi nyingine?"

Baba alikuja kwa kliniki ya macho mwezi wa Agosti akakaa kwangu siku nne. Haoni vizuri lakini masikio yako timamu. Asubuhi ya pili nilimwekea Mukabi huku nikishona sare za shule. Hakusema kitu. Baadaye nikaona kidole chake kinapita juu ya kikombe cha plastiki, ukucha kwenye mstari wa pambo, kwenda na kurudi, na kila baada ya pigo la tatu anakiinua kidogo. "Hapo ndipo watu hukosea," akaniambia. "Chupa haifuati gumba, mwanangu. Chupa inajibu." Akaniomba nirudishe wimbo nyuma, nikarudisha mara sita. Sare zilichelewa siku moja na sikujali. Halafu akanisimulia walivyokuwa wakifunga penseli kwa mpira kwenye shingo ya gita ili kupandisha sauti imfikie mwimbaji, na kwamba penseli nzuri ilikuwa ile yenye pembe, kwa sababu ya mviringo iliteleza. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia habari ya penseli. Kwa siku hizo nne peke yake, programu hii imerudisha pesa zangu zote.

Mapendekezo ndiyo sehemu dhaifu. Ukimaliza nyimbo zako, programu inaendelea yenyewe. Mara ya kwanza ilinipeleka Katanga, Kongo, kwa mpiga gita Jean-Bosco Mwenda, na hapo niliisifu, kwa sababu Mwenda alisikika sana Kenya miaka hiyo na vidole vya watu wetu vilimjua. Wimbo uliofuata ulikuwa wa Mali. Wa tatu, Nigeria, wa mwaka huu. Mashine hizi huangalia watu wanaosikiliza kitu fulani husikiliza na nini kingine, halafu hufuata njia hiyo. Nionavyo mimi, wengi wanaomfungua Mukabi ni wakusanyaji wa magita ya Afrika walioko mbali, basi njia inaelekea wanakoelekea wao. Sisi tukiwa wachache, njia ya kutoka Mukabi kwenda Bunyore haikanyagwi, nyasi zinaota.

Sasa ule wimbo mpya. Una neno omutibo kwenye kichwa chake, umepigwa kwa kinanda na ngoma za kompyuta, gita linaingia kwenye kiitikio tu. Nilikasirika nilipousikia, nikasema jina limeibiwa. Nimeusikiliza tena mara nyingi na nimebadilisha msimamo nusu. Besi ya kinanda inatembea kama gumba, yule kijana anajua anachokitafuta. Na yeye, tofauti na sisi wengine, ameliandika jina kwenye kichwa cha wimbo ambapo mashine inaweza kulisoma. Baba hakubali. Anasema bila chupa na nyuzi hakuna omutibo, kuna wimbo wa Kiluhya. Tumeliacha hapo.

Niwaambie pia kuhusu njia ya zamani, kwa sababu wengi wenu bado mnaitumia. Pale stendi ya Luanda, ule mji wa kwetu Vihiga, kuna jamaa anayejaza nyimbo kwenye flashi kwa shilingi 100. Majina kwenye faili zake ni balaa, "Track 07", "Luhya mix mpya 2". Lakini nilipomwambia nataka omutibo aliniuliza swali moja: "Ya chupa ama ya stima?" Nikasema ya chupa. Dakika tano akanipa nyimbo 22, na 9 kati yake hazimo kwenye programu yoyote niliyojaribu. Hakuna tajiri wa teknolojia aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Kinachoniuma ni kwamba familia za waliopiga hazipati hata senti kwenye hiyo mia moja, na majina yao yamefutika, kwa hivyo nyimbo hizo 9 ninazo na siwajui wenyewe. Nilizipeleka kwa Baba. Ametambua mbili.

Kwa anayetaka kujaribu, nilichofanya mimi ni kutengeneza orodha yangu ya nyimbo 34 na kuiita "Omutibo, gita kavu na chupa", nikaiacha wazi kwa kila mtu. Maneno yote matatu yako kwenye jina makusudi. Mwezi uliopita nilimwomba mteja aandike "omutibo" kwenye simu yake, na orodha yangu ilitokea ya nne. Nyimbo huzipakua usiku bando likiwa rahisi, kisha nasikiliza bila intaneti ndani ya matatu ya kwenda Luanda, na hadi tufike Maseno kwenye alama ya ikweta huwa nimemaliza Abana ba Nasery wote.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Sauti ni safi, malipo hayasumbui, kupakua kunafanya kazi, na waliomo wamo kweli. Nyota mbili nimezishika mpaka mtu aweze kuandika jina la muziki wa kwao na kupewa muziki wa kwao.

Jumamosi nalipia mwezi wa nane. Baba ameagiza nimpelekee chupa ya Fanta ya kioo, yenye matuta, isiyo na ufa. Kibuye nimepata za plastiki tu. Kesho nitapita soko la Jubilee.