Ofisi inatikisika: ununue diski ipi?

Pale Nasser Road, Kampala, mashine za kuchapa zikiwaka hata chai iliyo juu ya meza inacheza. Kompyuta ya msanifu iko hapo hapo, na ndani yake mna hadi diski (hard disk): sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nanomita chache tu. Mtetemo ukikisogeza nje ya mstari wake, hakiandiki, kinangoja sahani izunguke tena, kama milisekunde 8. Mara moja si kitu. Ikijirudia mara elfu, bango haliishi kufunguka na mteja yuko mlangoni.

Kwa kazi za kila siku naweka SSD, diski ya chipu tupu, mbele ya zote. Haina kinachozunguka, kwa hiyo kutikisika huko hakuipunguzi kasi. GB 500 zinatosha. Ila usiifanye ghala: ikikaa miaka kabatini bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba.

Ya pili, kwa ghala, ni hadi diski za NAS, yaani kasha la diski linalotumiwa na kompyuta nyingi kwa mtandao, kama IronWolf Pro au WD Red Pro. Zina vihisi vya mtetemo, na kichwa hurekebishwa papo hapo. Ni ghali, lakini kama unatunza kazi za wateja za miaka mingi, toa hizo pesa.

Ya tatu ni hadi diski ya kawaida, nayo inategemea sana ilivyofungwa. Nimefungua makasha mengi nikakuta skrubu moja tu. Diski inapiga ngoma humo ndani. Funga zote nne. Vimpira vya skrubu vinasaidia, hasa kupunguza kelele, lakini vikiwa laini mno diski inayumba kwa nguvu ya mkono wake wenyewe unaobeba kichwa, mkono huo unaporuka huku na huku, na kichwa kinakosa mstari vilevile. Chagua vigumu kidogo.

Diski ya nje ni ya kubebea. Izime, isubiri itulie, ndipo upande nayo boda.

Ya mwisho ni diski iliyochomolewa kwenye kompyuta kuukuu. Muuzaji akikataa usiipime mbele yake kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski kwa rangi, iache. Ikitoka rangi ya njano au nyekundu, iache pia.

Na kabla hujatoa hata shilingi, hamisha kompyuta kutoka meza inayogusana na mashine ya kukatia karatasi.