Sheli ya njia ya Majanji: kipimo safi, bei shauri yako

Wenzangu wa boda hapa Busia upande wa Uganda, nimekuja na ripoti ya ile sheli mpya ukitoka mjini kwenda Lumino. Jina silitaji, sitaki maneno na watu, na mnajua sisi kila panapouzwa petroli ni sheli tu hata kibao kikisema kingine.

Nimejaza hapo miezi mitatu sasa. Siku ya kwanza nilienda na dumu langu la lita 5 ninalolijua mwenyewe, nikamwambia dada wa pampu weka tano, ikafika kwenye alama yangu palepale. Kuna mahali hapa mjini mita inasoma tano na dumu bado lina nafasi ya chai. Tena huyu dada anarudisha mita kwenye sifuri kabla hujamwambia, anakuonyesha, ndio anabonyeza. Kipimo nyota tano.

Bei sasa. Wiki ya kwanza walikuwa chini ya wenzao kwa shilingi 50, wiki ya pili wakapandisha 100 usiku bila hodi. Nikamuuliza meneja akacheka, eti mzee hapa si Kenya. Na kweli, hapo ng'ambo EPRA, mamlaka yao ya nishati, inatangaza bei tarehe 14 na mwezi mzima unajua unalipa ngapi, huku kwetu soko liliachiwa tangu 1994 kila sheli inajipangia. Ndio maana 2022 Kenya walipokuwa na ruzuku watu walikuwa wanavuka kujaza huko, mimi mwenyewe nilivuka, sioni aibu.

Kupanda naelewa, petroli yetu yote inatoka nje na nyingi inapita Mombasa, huko kukiwa na shida sisi ndio tunalala njaa. Januari 2022 malori yalikwama Malaba na hapa Busia sababu ya vipimo vya korona, lita ikafika 10,000 sehemu zingine, nikapaki pikipiki siku nne tukala mihogo. Tangu Julai 2024 UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali yetu, ndio inaagiza yote, kampuni ya Vitol wanaleta, sio tena kununua kupitia kampuni za Kenya, nikategemea afueni, kwa mfuko wangu bado sijaisikia. Na mtu asiniletee habari za mafuta yetu ya Hoima. Mafuta yaligunduliwa 2006 sijaoa, leo kijana wangu ananipita urefu, na hata yakitoka ni ghafi ya kwenda Tanga kwa bomba la kilomita 1,443, haiingii kwenye tenki la pikipiki yangu ya Bajaj.

Kilichonikera hasa ni jenereta. Stima ikipotea pampu zinalala, ufunguo wa jenereta anao askari, na askari yuko chai. Bwawa la umeme la Karuma la megawati 600 limezinduliwa 2024 na mimi nimesimama juani dakika arobaini na mama wa samaki nyuma, barafu yake inanichuruzikia mgongoni, mwisho akasema mwanangu nishushe nipande taksi. Abiria wa Majanji huyo, ameenda hivyo.

Upepo wa tairi bure, choo kisafi kuliko cha nyumbani kwangu. Jumla nyota tatu na nusu. Ukienda nenda kabla ya saa mbili asubuhi, askari anakuwa bado hajaenda chai.