Fundi aliyemwambia dereva wetu "wewe kazi yako usukani"

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana msaidizi aliyeingia akaamkia watu. Mkubwa wake hakumwamkia mtu.

Foklifti yetu ya umeme hapa ghalani Vingunguti ilianza visa kipindi kile cha mvua. Ikiwa tupu inakimbia vizuri. Ukiipa paleti ya saruji inainua hadi katikati, inazima, na skrini inaleta kodi ya hitilafu: volti ndogo. Zima ufunguo, washa tena, inaamka. Tukawaita waliotuuzia, maana mkataba wa matengenezo tunao nao.

Fundi akaja na laptop. Akachomeka, akasoma kodi, akaitupia betri jicho kwa mbali, akatangaza: kontrola, kile kifaa kinachopokea umeme wa betri na kuugawa kwenye mota, imekufa, nunueni mpya. Bei aliyoitaja unapata bodaboda mbili. Mita ya kupimia volti ilikuwa kwenye begi, na haikutoka humo mpaka anaondoka.

Dereva wetu ni mtu mzima, amezeekea kwenye mashine hizi. Akamwambia kwa adabu zote, "Fundi, hebu shika ile plagi kubwa ya betri nikitoka kuinua mzigo. Inachemka, na jana imetoa harufu ya plastiki." Jibu alilopewa: "Mzee, wewe kazi yako usukani. Umeme tuachie sisi." Mbele ya vibarua! Mzee akanyamaza, akaenda kukaa pembeni. Hilo ndilo lililonichoma, kuliko hata bei.

Nitende haki: chaja waliyotuuzia haijawahi kutusumbua, na vipuri vyao ni halisi, si vya kubahatisha. Kwa hayo tu nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Tukamtafuta fundi umeme wa Buguruni. Huyu alianza kwa kumuuliza dereva, akamsikiliza hadi mwisho, ndipo akatoa mita. Betri imetulia: volti 50. Akaomba mzigo uinuliwe huku mita iko palepale kwenye betri: 46. Kwa betri ya volti 48 iliyo kazini, hapo hakuna ugonjwa. Akahamishia mita kwenye nguzo za kontrola, pale nyaya za betri zinapofungwa, mzigo uleule ukainuliwa tena: 37! Volti 9 zinapotea njiani, kati ya betri na kontrola, na njiani hapo kuna nyaya na ile plagi ya mzee. Kontrola ikiona volti zimeporomoka inakata ili kujilinda, ndivyo ilivyoundwa. Ilikuwa nzima, na kodi yake ilisema kweli tupu. Aliyeisoma ndiye hakujisumbua kuuliza volti zinaishia wapi.

Akachomoa plagi. Kabla ya kugusa chochote akaunganisha balbu kwenye nguzo za kontrola kumaliza umeme unaobaki ndani, kwa sababu kontrola hizi zinaweza kukupiga hata betri ikiwa imetolewa. Kisha akaifungua plagi. Shaba ya upande mmoja imekuwa nyeusi, ukingo wa plastiki umeiva rangi ya kahawia, na waya mnene unaoingia pale nyuzi zake nyingi zimekatika. Alipoutikisa, ukachomoka mkononi. Akamwita dereva aje aone. Nilifurahi sana kumwona mzee akisogea mbele ya vibarua walewale.

Plagi mpya, vichwa vya waya vipya, jioni ileile tunapakia saruji. Wenye mashine kama yetu, mtu akikwambia kontrola imekufa, mwambie apime volti mzigo ukiwa juu ya uma, kwanza kwenye betri, kisha kwenye kontrola. Kipimo cha betri iliyopumzika hakitoshi. Akikataa kupima, mfungulie geti.

Nikapiga simu ofisini kwao, kwa upole, nikitaka tu dereva aombwe radhi. Nikaambiwa fundi wao alifuata utaratibu. Utaratibu upi? Wa kuuza kontrola kwa mtu mwenye plagi iliyoungua? Zile nyota tatu nimezifuta, na hata hii moja ningeiondoa, kijana yule anisamehe.

Juzi wametuma tena ankara ya "ukaguzi". Silipi mpaka waniandikie walipima wapi na walipata volti ngapi.