Klabu ya Waswisi au ubalozi peke yake?

Mswisi akihamia ughaibuni, swali halikawii: ajiunge na klabu ya Waswisi wenzake au usajili wa ubalozini unatosha?

Kwa gharama, ubalozi unashinda. Kujiandikisha ni bure. Klabu hudai ada ya mwaka, ingawa ndiyo inayonunua soseji za Agosti Mosi, sikukuu ya taifa lao.

Kwa sauti ya kisiasa mambo yanageuka. Aliyeingia katika daftari la wapiga kura hupiga kura za kitaifa kwa posta tangu 1992, ila bahasha nyingine hufika kura zimeshahesabiwa. Vilabu, kwa miaka mingi, ndivyo vilivyopeleka wajumbe kwenye Baraza la Waswisi wa Ughaibuni, lenye viti 140, chini ya shirika lililoanzishwa 1916. Baraza halitungi sheria, lakini serikali ya Uswisi mjini Bern inalisikiliza. Siku hizi Waswisi wa nchi kadhaa huchagua wajumbe wao mtandaoni, na nguvu hiyo ya vilabu, nionavyo, inapungua.

Klabu pia huendeshwa kwa kujitolea. Wazee wakichoka, inasinzia. Mwenye watoto wanaokulia ugenini ataifaidi hata hivyo. Wa mkataba wa miaka miwili, ubalozi unamtosha.