Rosetta 2 studioni: plagini za Intel kwenye Mac ya M1

Kama una miradi ya zamani inayotegemea plagini za Intel (programu ndogo za sauti zinazofanya kazi ndani ya programu ya kurekodi) na unataka kuhamia Mac ya M1, chipu ya Apple wenyewe, au ya baada yake, Rosetta 2, mtafsiri wa Apple wa programu za Intel, itakufaa sana. Naipa nyota nne kati ya tano.

Studio yetu ipo Ng'ambo, Unguja. Tunarekodi taarab na kaswida: qanuni, fidla, akodioni, dufu, waimbaji. Kwa miaka mingi mwangwi wa fidla zetu umetoka kwenye plagini moja ambayo watengenezaji wake walishafunga kazi. Toleo jipya halitakuja. Ndani ya plagini hiyo mna maktaba ya msimbo iliyoandaliwa kwa prosesa za x86_64 (aina ya Intel) tu, na M1 ni arm64 (aina ya ARM).

Rosetta 2, iliyotoka Novemba 2020 pamoja na Mac za kwanza za M1, huutafsiri msimbo huo kabla haujaanza kazi na kuihifadhi tafsiri, ndiyo maana programu huchelewa mara ya kwanza tu. Kuna jambo jingine nililolipenda sana nilipolielewa. Prosesa za Intel hufuata utaratibu mkali zaidi kuliko ARM katika kuandika kwenye kumbukumbu. Apple waliweka ndani ya chipu yenyewe hali maalumu inayofuata utaratibu huo wa Intel, ili mtafsiri asibebe mzigo wote peke yake. Hiyo ni kazi ya watu makini, na masikio yangu hayasikii tofauti yoyote kwenye mwangwi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapokwama. Rosetta hutafsiri prosesi nzima, yaani programu inayoendeshwa pamoja na kila kilichopakiwa ndani yake. Programu ya arm64 haiwezi kuipakia maktaba ya x86_64 ndani ya prosesi yake. Utaambiwa usanifu hauoani, au plagini haitaonekana kabisa kwenye orodha. Njia ni mbili. Ya kwanza, chagua programu yako kwenye Finder, fungua Get Info, weka tiki kwenye "Open using Rosetta", na programu yote itaendeshwa kama ya Intel. Ya pili ni bora: plagini ikae kwenye prosesi yake ya pembeni. Logic Pro, programu ya kurekodi ya Apple, hufanya hivyo yenyewe kwa plagini za Audio Units, muundo wa plagini wa Apple. Bei yake ni nguvu ya prosesa. Bafa (kiasi cha sauti kinachochakatwa kwa mkupuo mmoja) ikiwa sampuli 64 nasikia mikwaruzo wakati wa kurekodi, nikiipandisha hadi 256 inatulia.

Kabla ya kununua mashine, fungua Terminal, andika lipo -archs na njia ya faili lililo ndani ya Contents/MacOS ya plagini. Ukiona arm64, huna haja ya Rosetta. Ukiona x86_64 peke yake, soma tena hapo juu. Ukiona i386 tu, pole: msimbo wa biti 32 uliondolewa na macOS Catalina mwaka 2019 na Rosetta 2 haiugusi. Haitafsiri pia draiva za ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), kwa hiyo angalia plagini zinazolindwa na kifunguo cha USB cha zamani.

Nyota niliyoipunguza ni ya muda. Mwaka 2025 Apple walitangaza kwamba Rosetta itaendelea hadi macOS 27, kisha itabaki sehemu ndogo kwa ajili ya michezo ya zamani. Rosetta ya kwanza, ya programu za PowerPC (prosesa za Mac za kabla ya Intel), ilikuja 2006 na ikaondolewa na Mac OS X Lion mwaka 2011, kwa hiyo lichukulieni tangazo hili kwa uzito. Sisi kila mradi wa zamani tunaoufungua tunatoa traki za fidla mara mbili, kavu na zenye mwangwi, WAV ya biti 24. Inachosha, nyimbo za taarab zenyewe ndefu, lakini baadhi ya wazee waliopiga fidla zile wametangulia mbele ya haki, na hatuna namna ya kuwarekodi tena. Usipandishe mfumo kupita 27 kabla hujamaliza kazi hiyo.