Leffe Brune: nimeionja Lubumbashi, na umeme ulinisaidia

Chupa za bia hii nilizikuta katika duka kubwa moja la katikati ya mji, zimepangwa dirishani jua linazipiga. Bia na jua haviivani. Mwanga ukiingia unaharibu hopsi, maua yanayoleta ule uchungu, kisha bia inaanza kunuka kama kicheche. Heri chupa ya Leffe ni ya kahawia iliyokoza, angalau inajikinga. Hata hivyo nikamwomba kijana wa duka anitolee za nyuma kabisa, nikasoma tarehe, nikalipa mbili. Chupa ndogo za santilita 33! Kwa franga zile ningepata Simba kubwa nne, bia yetu ya hapa, na michopo, nyama ya kuchoma, juu yake.

Kibandiko kina picha ya abasia, yaani nyumba ya watawa, na kweli abasia ya Leffe iko Dinant, Ubelgiji, tangu mwaka 1152. Ila usidhani kuna mtawa anayekoroga sufuria huko. Siku hizi inapikwa Leuven, kiwandani kwa kampuni kubwa ya bia ya AB InBev, kwa wingi kabisa. Ni bia ya kila duka huko kwao, na ndivyo nilivyotaka kuihukumu.

Nilimwita shemeji, mtu wa Simba kufa na kupona, ambaye kwake bia isiyotoa jasho kwenye chupa haijawa bia. Basi niliziacha kwenye friji tangu asubuhi. Chupa ya kwanza tukagawana. Baridi, sukari, basi. Shemeji akaweka glasi chini: "Shemeji, hii ni dawa ya kikohozi." Sikuwa na la kumjibu.

Halafu umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Tukawasha mshumaa, tukapiga domo, ya pili tukaisahau mle ndani ya friji iliyozimika. Nilipoifungua baadaye ilikuwa imepoa tu, si baridi ya kuumiza meno, na hapo nikakutana na bia nyingine kabisa. Povu zito, rangi ya chai ya maziwa. Nikainamisha pua: sukari iliyoungua, ukoko wa mkate, ndizi iliyoanza kupata madoa meusi, na karafuu kwa mbali. Hakuna aliyetia ndizi humo. Hii ni bia ya aina ya ale. Hamira yake inafanya kazi kwenye joto kuliko ya lager kama Simba, na joto hilo ndilo linaloizalisha harufu ya matunda. Ukiigandisha, umelipia harufu usiyoinusa.

Mdomoni inaanza tamu, katikati inakuja shayiri iliyokaangwa, mwishoni uchungu kidogo kama wa kahawa iliyobaki kikombeni. Utamu ndio unaonishinda. Nusu glasi ya kwanza nilifurahi, nusu ya pili midomo ilikuwa inanata.

Nilikuwa na Tembo pembeni, kwa kuwa nayo ni bia nyeusi, nikazipokezana. (Watu wa pwani wakisikia "tembo" wanawaza pombe ya mnazi, mgema na maji yake, sisi tunawaza chupa.) Tembo ni nyepesi zaidi, inateremka na kuacha ulimi msafi. Kwa nyama ya mbuzi yenye pilipili, sitoi Tembo mezani: Leffe na pilipili ziligombana mdomoni mwangu. Lakini tulipohamia kwenye karanga za kukaanga, mambo yakageuka. Karanga, chumvi na ile sukari iliyoungua vilishikana vizuri mno.

Angalia tu nguvu yake, asilimia 6.5. Utamu unaificha.

Naipa saba kwa kumi: moja nimekata kwa utamu, mbili kwa bei. Ya kunywa mtu ameketi, glasi yenye mdomo mpana, itolewe kwenye friji mapema. Si ya kuzungusha raundi kwenye nganda, baa zetu.

Shemeji bado anasema ni dawa ya kikohozi. Jana jioni alinipigia simu kuuliza kama ile dawa imebaki.